Nyumba Iliyoota Nundu

Mgeni huyo aliingia kwa Mokami akiwa amebebwa mikononi kama bwana harusi, na kabla hajatuliwa chini ilishajulikana kwamba pa kumkalisha hapana.

Ilikuwa mashine ya kufulia, ndani ya boksi lake, imetoka Mwanza kwa basi. Aliyeituma ni Joel, mtoto wake wa kiume. Vijana wa stendi waliomletea waliisimamisha katikati ya sebule, wakafuta jasho, wakanywa maji, wakatazama huku na huku. Mmoja akauliza, "Sasa Bibi, nyinyi mtahamia wapi?" Wakaondoka wanacheka.

Mokami naye alicheka, lakini cheko lake liliishia mlangoni. Nyumba yake pale Turwa, pembeni mwa mji wa Tarime, ni sebule na vyumba viwili tu. Sebule imejaa makochi yenye vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo, meza na kiti cha mzee. Chumba kimoja anakaa mpangaji, mwalimu Agness, na kodi yake ndiyo inayonunua dawa. Chumba cha pili ni cha mzee na Mokami, vitanda viwili, na katikati kijinjia cha mtu kupita kiubavu. Jiko ni la kuni, liko nje, limejaa moshi. Bafu na choo viko nje vilevile, na nje kuna mvua, tena kuna watu wenye mikono mirefu.

Lakini ilikuwa lazima mahali papatikane, na sababu yake ni hii.

Mzee Nyangwine, mume wa Mokami, alipigwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulilala na haukuamka tena. Maneno yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki, ikabaki kutikisa kichwa na kuonyesha kwa mkono wa kushoto. Na usiku haja ndogo haikumsubiri. Kila kukipambazuka Mokami alivua mashuka, akayabeba hadi kwenye bomba nyuma ya nyumba, akachuchumaa, akafua. Alifua wakati wa mvua na wakati wa baridi ile inayoshuka kutoka milimani, mpaka baridi yabisi ikamwingia kwenye vidole. Vikavimba, vikapinda, vikawa kama vipande vya tangawizi.

Habari za mashuka wenyewe wawili hawakuzizungumza hata siku moja. Akiwa anamgeuza mzee ili atoe shuka la chini, Mokami husema, "Kitendawili!" Nyangwine enzi zake alikuwa bingwa, watu walitoka mbali kuja kushindana naye wakarudi wameshindwa, basi macho yake humulika pale pale. "Amesimama kwa miguu mitatu ya kuazima, tumbo linamchemka, na hasemi anaumwa!" Mzee hunyoosha mkono wa kushoto kuelekea jikoni, kwenye chungu na mafiga. "Umepata, Baba Joel. Nikupe mji gani?" Kwingine mji hupewa anayetega, kwao wawili ulikuwa wa anayetegua. Na hapo shuka limeshatoka, limeshakunjwa, limeshafichwa ndani ya beseni, na aibu haikupata nafasi ya kukaa katikati yao.

Wakati wa Pasaka Joel alikuja, akaona vidole vya mama yake vimepasuka vinatoa damu.

"Mama, hii haiwezekani. Baba nitamchukua nikae naye Mwanza."

"Na mimi?"

"Kwangu kuna kitanda kimoja cha mgeni. Aanze Baba. Wewe utafuata baadaye."

Baadaye! Neno hilo halina siku wala mwezi. Na huko Mwanza nani angefua? Beatrice, mke wa Joel. Mkamwana afue mashuka ya baba mkwe wake! Kwa Wakurya baba mkwe na mkamwana wana soni baina yao, hata kikombe hupokezana kwa adabu, sembuse shuka lile. Nyangwine aliposikia aligeuzia uso wake ukutani, na chozi likamtoka kwenye jicho moja, lile lililobaki na nguvu.

Mokami aliliona chozi hilo. Akamwambia mwanawe, "Niletee hiyo mashine mnayofulia huko kwenu."

"Nitaleta. Lakini nisikilize, Mama. Nakufahamu. Usiniwekee kitambaa juu uigeuze meza. Nikija baada ya mavuno nikiikuta haifanyi kazi, nairudisha dukani, na Baba naondoka naye."

Sasa mashine ndiyo hiyo, imesimama sebuleni kwenye boksi. Siku ya kwanza Mokami alijizuia. Siku iliyofuata mwalimu Agness akarudi kutoka shule akakuta boksi limetandikwa kitambaa cheupe na juu yake kuna chupa ya chai.

"Bibi! Joel alisemaje?"

"Nimeiwekea tu isipate vumbi."

"Na chupa ya chai inazuia vumbi gani?"

Wakacheka wote wawili mpaka Mzee Nyangwine naye akatikisika kwenye kiti chake. Halafu Mokami akachukua kamba ya mbuzi, akaipima mashine upana na kina, akafunga mafundo, akazunguka na ile kamba nyumba nzima. Nyuma ya mlango haikuenea. Pembeni mwa kabati haikuenea. Chumbani, kati ya vitanda, ingeenea kama mzee na mkewe wangejifunza kuruka. Mwisho wakatoa kochi moja wakalipeleka barazani, na mashine ikaingizwa chini ya dirisha la sebule, ikasongamana pale kama jino lililoota juu ya jino. Agness akasoma kitabu cha maelekezo ya mashine, akaunganisha mpira wa maji hadi bombani kupitia dirishani, mpira wa maji machafu akautoa nje.

"Tuanze na za kwako, Bibi," akasema. "Tuijaribu kwa nguo nyepesi."

Mokami akatia magauni yake na vya ndani vyote, na gagulo lake jekundu la siku nyingi. Kitufe kikabonyezwa. Mashine ikanywa maji, ikaguna, ikaanza kugeuza. Ina kioo cha duara mbele, na ndani ya kioo nguo zilipita zikizunguka. Mokami alivuta kigoda akakaa kutazama kama mtu anayetazama televisheni. Mikono yake ilikuwa mapajani, mikavu. "Ee Mungu," akasema taratibu, "kumbe kuna watu walikaa wakaniwazia mimi nisiyewajua."

Hapo ndipo hodi ikapigwa.

Alikuwa Emanueli, mume wa binti yake Lilian, kutoka Kenyamonta. Ni mkulima na ni fundi wa kujenga, mtu mrefu, mpole, anayeinama mlangoni hata pasipo na haja. Alikuwa na gunia la ulezi begani, amekuja kumjulia hali baba mkwe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe wangu! Karibu, karibu. Za Kenyamonta? Lilian na watoto?"

"Hawajambo, wanawasalimu. Baba, shikamoo."

Nyangwine akanyanyua mkono wa kushoto. Emanueli akakaribishwa kwenye kochi, na kwa kuwa kochi moja lilikuwa barazani, lililobaki lilikuwa moja tu, nalo lilitazamana na mashine uso kwa uso.

Akakaa. Akainua macho. Gagulo jekundu likapita kwenye kioo, likaenda, likarudi, likasimama kidogo kama linalomsalimu, likaenda tena.

Soni ya mkamwana na baba mkwe ni kubwa, lakini ya mkwe mwanamume na mama mkwe inaizidi. Mkwe haingii chumba wanacholala wakwe zake. Kitanda chao hakioni. Nguo ya ndani ya mama mkwe, hata ikiwa kwenye kamba, huizunguka mbali kama mtu anayekwepa nyoka. Na sasa Emanueli ameletewa yote yakiwa nyuma ya kioo, tena yanacheza. Akatazama kalenda. Akatazama dari. Akatazama viatu vyake kwa bidii kama vya kukopa.

"Mvua... mvua huko kwetu imenyesha vizuri," akasema.

Mokami alikuwa amekwisha kuelewa, na moto ulimpanda hadi masikioni. Akajaribu mlango wa mashine, umejifunga. Akatanua kanga akasimama mbele ya kioo, amekipa mgongo, anatabasamu. "Tumshukuru Mungu kwa mvua," akajibu.

Mashine wakati huo ilikuwa imemaliza kufua, inataka kukamua. Ikaanza kunguruma. Ikatetemeka. Halafu, kwa macho ya wote, ikatoka mahali pake ikaanza kutembea. Ikamsukuma Mokami kwa nyuma kama ndama anayetaka titi, naye akasogea, nayo ikasogea, naye akasogea tena, hadi akajikuta anapelekwa kwa mkwe wake hatua kwa hatua na mashine yake mwenyewe.

"Mama, inakuja!" akapiga kelele Emanueli, miguu ameipandisha kwenye kochi.

"Naiona, baba, naiona! Nayo hainisikii!"

Emanueli hakusubiri zaidi. Mtu ambaye ng'ombe dume hajawahi kumkimbiza alitoka mlangoni kwa mruko mmoja na hatua zake zikasikika uani. Plagi ikachomoka yenyewe, mashine ikazimika katikati ya sebule. Chumbani kwa mwalimu Agness kulisikika mtu anayecheka ndani ya mto.

Chai ya Emanueli ilipelekwa nje. Aliinywa nyuma ya nyumba, karibu na bomba, amekaa kwenye kigoda ameipa nyumba mgongo.

Mokami alikaa sebuleni karibu na mumewe. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Baba Joel, pale haiwezi kukaa. Nyumba ambayo mkwe hawezi kukaa sebuleni, hiyo si nyumba tena. Na mahali pengine hapana. Na Joel amepiga simu jana. Anakuja Jumapili. Anakuja na gari."

Nyangwine alimgeukia. Alimwekea mkono wa kushoto juu ya vile vidole vya tangawizi, akauacha pale.

Basi kutoka nje, bila kugeuza kichwa, Emanueli akaita, "Mama! Huu ukuta ulio nyuma ya bomba, ndani yake kuna nini?"

Mokami akatoka hadi kwenye kona ya nyumba, akasimama. Mama hawezi kumwambia mkwe wake kwamba pale ndipo kilipo kitanda. "Ndani ni kwa mzee," akasema.

"Aa." Emanueli akaelewa. Akanywa chai. "Na shida ni nafasi tu? Au na mashine yenyewe ni mbaya?"

Ndipo Mokami akamweleza, yeye akiutazama ukuta na mkwe wake akiitazama migomba: mashuka, vidole, kitanda kimoja cha mgeni, Jumapili. Alimweleza vitu ambavyo kwa siku nyingine asingemweleza mkwe, kwa sababu wote wawili walikuwa wamepeana migongo, na mgongo hauna aibu.

Emanueli aliweka kikombe chini. Halafu akasema, "Mama, ng'ombe akikosa pa kuweka mafuta tumboni hufanyaje?"

Mokami ni mtu wa vitendawili, hakukawia. "Huota nundu."

"Basi nyumba iote nundu. Hapa hapa, kando ya bomba. Nijenge kajumba kadogo kalikogandamana na ukuta, hakana mlango wa nje, mwizi hapati pa kushika, mvua haipati pa kuingilia. Ukuta huu wa zamani nitautoboa. Mashine ikae ndani ya nundu, uso wake utazame... utazame kwa mzee. Maji yapo hapa. Mtaro upo hapa. Shuka likitoka kitandani ni kunyoosha mkono."

"Utatoboaje, mkwe wangu, na kule huingii?"

"Siingii. Upande wangu nitaumaliza mimi. Upande wa ndani watamalizia wenye chumba."

Matofali yalikuwepo, yaliyobaki kwenye banda la mbuzi. Emanueli alilala kwa ndugu zake mjini, maana mkwe halali ukweni, na kila asubuhi alifika na mwiko wake na pimamaji. Alianza na msingi. Akachimba mfereji mwembamba kwenye ukuta wa zamani akapachika linta ya kuzuia matofali ya juu. Linta ilipokaza, akaanza kutoa matofali ya chini, moja moja, kwa upole kama anayetoa mayai chini ya kuku anayeatamia, mpaka ikabaki plasta ya ndani peke yake, nyembamba kama ganda. Hapo akasimama. Plasta hiyo hakuigusa. Akarudi nyuma, akainua kuta za nundu upande huu na upande huu, akafunga na wa nje, akaacha matundu ya mipira ya maji, akapiga bati juu.

Watu waliopita njiani walisimama. "Mama Joel, mnajenga kanisa au kaburi?"

"Tunajenga nundu," alijibu Mokami. "Nyumba imenenepa."

Ijumaa mchana kazi ya Emanueli ilifika ukingoni, ikabaki ile isiyo yake. Mokami akaingia chumbani, akasogeza vitanda vyote viwili kidogo, akamkalisha Nyangwine kwenye ukingo wa kitanda chake, mito imemshikilia. Akachukua nyundo.

"Mama, uko tayari?" Sauti ya Emanueli ilitoka nje, kama sauti ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Niko tayari. Nipige wapi?"

"Nitapitisha fimbo kwenye tundu la mpira, nitagonga. Sikiliza, upige pale pale. Usiende pembeni."

Ngo, ngo, ngo. Plasta ikasema. Mokami akainua nyundo, akapiga. Nyundo iligusa ukuta kidogo ikamponyoka vidoleni, ikaanguka kwenye kanga yake. Akaiokota. Akaishika kwa mikono miwili, akapiga tena, na maumivu yakampanda hadi kwenye kiwiko. Akauma midomo. Ukuta hauna hata alama.

"Mama? Imepasuka?"

"Bado, baba. Subiri kidogo." Hakutaka sauti yake ijulikane ilivyo. Alifikiri kumwita Agness, lakini Agness alikuwa shuleni. Alifikiri kwenda kwa jirani. Alifikiri pia, Mungu amsamehe, kwamba labda Joel yuko sahihi, na wazee wawili wasioweza kubomoa plasta hawawezi kukaa peke yao.

Mkono ukamgusa kiunoni. Nyangwine alikuwa ameunyoosha mkono wake wa kushoto, kiganja wazi, kama mtu anayedai kitu chake.

"Baba Joel, utaanguka."

Kiganja kikabaki wazi.

Akampa nyundo. Akamkumbatia kwa nyuma, kifua chake kimeugandamiza mgongo wa mumewe ili asipinduke. Nje fimbo ikagonga, ngo, ngo. Mzee akainamisha kichwa kama anayesikiliza kitendawili, akavuta mkono nyuma, akapiga.

Vumbi tu.

Akapiga tena, na mstari ukatokea kwenye plasta, ukaenda kama ufa wa yai. Akapiga tena, akapiga tena, anahema, jasho linamtiririka, na Mokami nyuma yake anacheka na kulia kwa pamoja. Kipande kikubwa kikaanguka. Vumbi likajaa chumba. Na kupitia kwenye tundu lile, ncha ya fimbo ikachomoza ikawa inagongagonga hewani, haijui kwamba ukuta haupo tena.

Nyangwine akaiachia nyundo, akaidaka fimbo. Akaivuta.

Huko nje Emanueli akahisi inavutwa, naye akavuta. "Mama? Ni nani anavuta?"

"Mura!" akasema Mzee Nyangwine.

Lilikuwa neno moja, la kumwitia kijana kwa Kikurya, na lilitoka safi, halina mikunjo, kama kengele ya ng'ombe anayeongoza kundi. Mokami alikuwa hajasikia sauti hiyo tangu ugonjwa. Nje fimbo ikaacha kuvutwa. Halafu Emanueli akajibu, na sauti yake ilikuwa imelowa, "Naam, Baba. Niko hapa, Baba." Wakaendelea kushikana hivyo, mmoja ndani na mmoja nje, hakuna anayemwona mwenzake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiachia fimbo.

Kesho yake Athuman alikuja. Ni fundi umeme mwenye duka karibu na stendi, babu yake alitoka pwani, na mdomo wake hauna kufuli. Huyu si mkwe wa mtu yeyote pale Turwa, kwa hiyo chumbani aliingia bila kujiuliza, kama paka. Alisawazisha mabaki ya plasta, akavuta waya, akaweka soketi juu mahali ambapo maji hayafiki. Halafu akaigeuza mashine mgongo, akaikagua, akapiga mikono.

"Bibi! Nani aliiwasha hii?"

"Sisi. Ikatembea."

"Itaachaje kutembea? Ona hizi boliti za nyuma. Ziliwekwa ili pipa lake lisichezecheze garini, na zilitakiwa zitolewe kabla ya kuwashwa. Mmeifunga miguu halafu mnaiambia icheze ngoma! Imshukuru Mungu haikuvunjika."

"Ilikuwa inamkimbilia mkwe wangu," alisema Mokami. "Nadhani ilitaka aifungue."

Athuman alicheka hadi spana ikamwanguka. Akazifungua boliti, akaisukuma mashine, nayo ikaingia ndani ya nundu, mabega yake yakiacha nafasi ya kidole huku na huku. Mokami alishona pazia la kuning'iniza mbele, lenye maua, ili chumba kibaki chumba. Shuka la kwanza likatiwa. Mashine ikanywa, ikaguna, ikageuza, na ilipofika kukamua ilinguruma tu, haikusogea hata unywele.

"Kitendawili!" alisema Mokami, amekaa kitandani karibu na mzee. "Nina mlevi wangu. Anakunywa maji, anakula sabuni, anacheza peke yake, na anachotapika ni uchafu wa wengine."

Nyangwine hakuonyesha kwa mkono. Alifungua mdomo, akahangaika, akasema kitu kilichokuwa nusu neno na nusu kicheko. Hakikueleweka. Mokami akampa mji.

Jumapili Joel alifika jioni. Gari aliloazima kwa rafiki yake lilikuwa limelazwa viti vya nyuma na kutandikwa godoro, mito na blanketi jipya, kila kitu cha mgonjwa kusafiri. Mokami aliliona hilo godoro kupitia kioo cha gari, akaenda zake jikoni. Alimpa mwanawe ugali na kuku, akamtandikia sebuleni, maana kochi lilikuwa limerudi mahali pake.

Kulipopambazuka Joel aliamka mapema, kama alivyozoea, ili akamsaidie mama yake kwenye bomba. Alitoka nje na suruali ameikunja. Kwenye bomba hapakuwa na mtu. Palikuwa na kajumba kadogo ka matofali kalikogandamana na ukuta, na ndani yake kitu kilikuwa kinaguna taratibu. Akarudi ndani, akapiga hodi chumbani.

"Pita, mwanangu."

Baba yake alikuwa amelala kwenye shuka kavu, amenyolewa ndevu. Mama yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha pili, kikombe cha chai mkononi, na chai ilikuwa bado inatoa mvuke. Joel hakukumbuka kama aliwahi kumwona mama yake anakunywa chai ya moto asubuhi.

"Mama, unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Umekaa tu?"

"Nimekaa tu, Joel. Mimi sijui niseme nini. Tangu juzi nikilifungua hilo pazia nakushukuru wewe, namshukuru Emanueli, namshukuru na huyo Athuman na mdomo wake. Nikimaliza kuwashukuru wote, nguo nazo zimemaliza."

Joel akatazama pazia. Akatazama linta ilivyokaa sawa. Akamtazama baba yake, na baba yake akamtazama yeye, macho makavu, hayageukii ukutani. Kitu fulani mabegani mwa Joel kilitua chini.

"Emanueli aliingia humu?" akauliza.

"Hajaingia na hataingia. Sehemu iliyobaki alibomoa baba yako."

"Baba?"

"Mura," alisema Mzee Nyangwine.

Joel alikaa kwenye sakafu, katikati ya vile vitanda viwili, mahali ambapo mtu hupita kiubavu, akashika mguu wa baba yake uliolala. Alikaa hivyo mpaka mashine ikanyamaza. Halafu akanyanyuka, akatoa mashuka mwenyewe, akaenda kuanika. Hayakuwa yanadondoka maji.

"Baba abaki," alisema aliporudi, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa anabishana naye.

Hakulala siku ya pili, kazini walikuwa wanamsubiri. Alipotaka kuwasha gari, Mokami akamzuia.

"Gari limetoka Mwanza na godoro, lirudi tupu? Watu watasema umetoka msibani."

Akaleta mkungu wa ndizi, ule mkubwa uliokuwa migombani nyuma ya bomba, akaagiza ulazwe juu ya godoro. Akaleta ulezi wa Kenyamonta kwenye kiroba. Akaleta viazi vitamu, akaleta jogoo aliyefungwa miguu. Jogoo akawekwa penye mto.

"Mama, utanijazia gari."

"Beatrice atapika. Mwambie nimemshukuru na yeye. Angefua, najua angefua, ni mtoto mwema. Mwambie Mungu amemwepusha." Akauinua mkono wake uliopinda, akavuta blanketi jipya lililokuwa la mgonjwa, akaufunika mkungu wa ndizi hadi shingoni, akaupapasa. "Endesha polepole," akamwambia Joel. "Usimtikise."